Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu: Kuishi Kando ya Reli

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii tumeiandika sana kwenye insha, na wengi wetu huitia mwishoni ili mwalimu atuongezee maki moja. Mimi leo sitafuti maki. Nataka kuwaeleza, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, jinsi methali hiyo ilivyoingia nyumbani kwetu ikalala nasi, na mambo ambayo mtu yeyote anayetaka kununua nyumba au ploti karibu na reli afaa kuyajua kabla hajatoa pesa zake mfukoni.

Wenzangu mnaotoka kule kwenye majani chai huniuliza, "Kwani Kericho kuna reli?" Iko! Ukitaja Kericho watu hufikiria chai na mvua ya alasiri tu. Lakini reli ya zamani itokayo Nakuru kwenda Kisumu hupita upande wa kaskazini wa kaunti yetu. Hupita Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, kisha ikateremkia Koru na Muhoroni kwenye mashamba ya miwa. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika ziwani Desemba 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Kipkelion nayo siku hizo iliitwa Lumbwa. Kutoka Mau Summit mpaka ziwani reli huteremka zaidi ya mita elfu moja, ndiyo sababu imejaa madaraja na kona. Hizo kona mziweke akilini, nitazirudia.

Wazee wetu wa Kikalenjin husimulia kwamba Kimnyole, Orkoiyot wa Wanandi, alitabiri nyoka wa chuma atakayepita nchini akitoa moshi na moto. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, huamini hadithi hiyo kama anavyoamini kwamba kesho jua litachomoza. Treni ikipita yeye husema, "Nyoka wa Kimnyole amepiga miayo," halafu anaendelea kukoroga mursik yake.

Sisi si wenyeji wa karibu na stesheni. Kwa asili tunatoka Bureti, upande wa Litein. Shamba la babu liligawiwa wana sita, na fungu la baba likawa mistari michache ya chai ambayo mama alimaliza kuichuma kabla ya saa nne asubuhi. Hapakuwa na mahali pa kujenga ila kwa kung'oa chai, na kung'oa chai ni kung'oa karo. Basi mwaka wa 2017, bonasi ya chai ilipolipwa, baba aliongeza juu yake mkopo wa chama cha akiba, akaanza kutafuta mahali pa kutuweka.

Alipata nusu ekari yenye nyumba ya mbao na mabati, vyumba vitatu, hatua kama themanini kutoka relini. Bei yake ilikuwa chini kwa theluthi moja kuliko ploti za kule juu barabarani. Baba hakuwa mjinga. Alienda kuiona mara tatu, na mara zote tatu alienda mchana. Reli ilikuwa imeota nyasi na mbuzi walikuwa wamelala kati ya mataruma. Treni ya abiria ilikuwa imekoma miaka kadhaa iliyotangulia. Aliyekuwa akiuza alicheka akasema, "Hii reli ni ya kuangalia tu, mzee." Baba akalipa, nasi tukahamia. Mimi nilikuwa na miaka minane.

Kwa miaka minne tuliishi raha mstarehe. Sisi watoto tulitembea juu ya chuma cha reli tukienda shule ya msingi, tukishindana nani atakuwa wa mwisho kuanguka. Jioni palikuwa kimya hata ungesikia ng'ombe wa jirani akitafuna.

Mwaka wa 2021 mambo yakageuka. Mafundi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa walikuja kuifufua reli ya Nakuru na Kisumu, zaidi ya kilomita 200. Walifyeka nyasi, wakabadilisha mataruma yaliyooza, wakamwaga kokoto. Kogo aliwatazama kutoka mlangoni akauliza, "Hawa wanamtandikia nani kitanda?" Jibu lilikuja Desemba ya mwaka huo, treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilipoanza tena safari baada ya karibu miaka kumi. Wakati huo iliondoka Nairobi Ijumaa jioni, maana yake ni kwamba kwetu ilipita usiku wa manane wa kuamkia Jumamosi. Treni za mizigo nazo zikarudi, na hizo hazipigi hodi wala hazina siku maalum.

Usiku wa kwanza siwezi kuusahau. Kwanza honi ililia, ndefu, kama inalia ndani ya sikio. Kisha vikombe vikaanza kugongana kabatini. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitatu, aliingia chini ya kitanda na hakutaka kutoka mpaka asubuhi. Ng'ombe alikata kamba, na alipokamwa kulipokucha alitoa nusu ya maziwa ya siku zote. Baba alitoka na tochi akasimama uani bila viatu, akiitazama taa nyekundu ya nyuma ikipotelea kwenye kona. Hakusema neno.

Tuna jirani mzee ambaye zamani alifanya kazi ya genge, wale wa kutengeneza reli. Siku chache baadaye alikuja kutupa pole, naye ndiye aliyetufunza. Alimwambia mama, "Mama, kelele ya treni si moja. Ukitaka kuishi nayo, kwanza uijue kwa majina."

Kelele ya kwanza ni honi. Dereva hupiga honi anapokaribia mahali barabara inapokata reli, na anapoingia kwenye kona asikoona mbele. Njia yetu ya kwenda dukani hukata reli bila lango wala mlinzi, kwa hiyo hapo honi ni lazima. Hatuwezi kuikasirikia maana ndiyo inayotuokoa. Ya pili ni mlio wa magurudumu kwenye kona, ule wa kama kisu kikinolewa juu ya jiwe. Magurudumu mawili ya treni hukazwa kwenye chuma kimoja, hivyo huzunguka pamoja. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, lakini haliwezi kuzunguka peke yake, basi huteleza na kusugua. Ya tatu ni taka-tak, taka-tak, mahali vipande vya reli vinapounganishwa. Ya nne ni injini yenyewe. Treni itokayo Kisumu hupanda mlima na kunguruma kwa nguvu, na ile ishukayo kutoka Mau hulia breki. Ya tano si ya sikio. Ni mtetemo, nao hupita ardhini mpaka kwenye miguu ya kitanda. Hiyo hata ukifunga dirisha inaingia.

Niliyapeleka maneno haya kwa mwalimu wetu wa fizikia. Alifurahi sana, akanieleza ninyi nyote mkielewa hapa. Chanzo kimoja cha sauti, kama vile honi, hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Hivyo nyumba iliyo mita 60 kutoka relini ikihamishwa mita 120, sauti hupungua kwa desibeli 6, na ikienda mita 240 hupungua kwa 12. Hatua za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Ukiwa karibu, kusogea nyuma kidogo tu ni jambo la maana.

Nikamwuliza mbona usiku huwa kama treni imeingia jikoni, na mchana ni hiyo hiyo lakini haisikiki sana. Mwalimu alisema si kwa sababu ya ukimya wa usiku peke yake. Huku kwetu kwenye vilima, usiku wenye anga wazi ardhi hupoa haraka, na hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu. Sauti husafiri polepole katika hewa baridi na kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto. Basi mawimbi yaliyokuwa yakipaa hupindwa yakarudi chini bondeni. Hiyo ndiyo kupinda kwa mawimbi tunayosoma kidato cha tatu. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa ukipita nyuma ya nyumba yetu kila wiki!

Sasa, msomaji mpenzi, usidhani ni mchezo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za reli wakati wa usiku usizidi desibeli 44, kwa sababu ya usingizi. Mtu akizoea treni, huacha kuamka, lakini moyo wake bado unaweza kwenda mbio kila inapopita. Mwili unasikia hata mwenyewe asipojua. Kogo ana ugonjwa wa presha. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa akiamka na kukaa kitandani mpaka alfajiri. Mama alikonda. Mimi nilisinzia darasani Jumatatu kwa usingizi wa Jumamosi. Mazoea yana taabu, na sisi taabu tulianza nayo kabla ya kuyafikia mazoea.

Ndipo mzee akaamua kuuza. Alisema tutarudi Bureti, tukodi chumba sokoni, tutafute ploti ndogo taratibu. Mama alikubali kabla hata hajamaliza kusema.

Mnunuzi alipatikana likizo ya Aprili, 2022. Alikuwa bwana mmoja wa heshima kutoka Kericho mjini, akitaka mahali pa kupumzika akistaafu. Alifika Jumatano, saa tisa alasiri. Alizunguka shamba lote, akasifu parachichi, akasifu maji ya kisima. Halafu akaketi, nikamwandalia chai. Bei aliyotaja ingelipa mkopo wote na kubakisha pesa ya karo yangu ya kidato cha kwanza. Akanywa, akavuta pumzi, akasema, "Hapa ni kimya kizuri sana. Nimechoka na kelele za mjini."

Wallahi hapo hata nzi asingepaa. Mama aliangalia sakafu. Kogo aliangalia mlango. Mimi nilishika birika nikimtazama baba. Reli ilikuwa pale pale mbele ya macho ya mgeni, hakuna aliyeificha. Tungenyamaza tu, naye angeona alichotaka kuona, kama sisi mwaka wa 2017.

Baba aliweka kikombe chini akasema, "Bwana, kimya hiki ni cha Jumatano. Njoo Ijumaa ulale hapa kwangu, halafu asubuhi tuzungumze bei."

Yule bwana alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona baba hacheki, akaacha. Ijumaa alikuja kweli. Alipewa kitanda changu, kilichokuwa karibu na dirisha la upande wa reli. Usiku wa manane treni ilipita na mambo yake yote. Asubuhi alikunywa chai, akamshika baba mkono kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa kunionyesha. Mke wangu ana usingizi mwepesi." Akaenda zake na hakurudi tena.

Mama hakuzungumza na baba siku mbili. Siku ya tatu nikawasikia jikoni. Mama alisema, "Ungenyamaza tu. Kwani wewe uliambiwa na nani?" Baba akamjibu, "Mimi sikuambiwa na mtu. Ndiyo maana nimemwambia." Baada ya hapo sikusikia tena habari ya kuuza.

Kwa vile tulikuwa tumebaki, ilibidi tutengeneze. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulihamisha vitanda vyote upande wa pili wa nyumba, na chumba cha kuelekea reli tukakifanya stoo ya mahindi. Magunia ya mahindi hunyonya sauti kuliko nilivyodhani. Baba aliziba mwanya ulio kati ya ukuta na paa, mahali upepo na kelele huingilia, ila alifungua tundu upande wa nyuma ili hewa ipite. Mwaka uliofuata tuliweka dari ya mbao, maana bati tupu ni ngoma. Vikombe sasa tunavitundika kwa misumari mbalimbali ili visigongane. Tulipanda miti pia, lakini mwalimu alinieleza kwamba mstari mmoja wa miti hupunguza kelele kidogo mno. Faida yake ni kwamba usipoiona treni unaisahau upesi. Ukuta mzito au tuta la udongo ndilo linalozuia hasa, nasi pesa ya ukuta bado hatujapata.

Mdogo wangu sasa haamki kamwe. Mimi huamka nikageuka nikalala. Kogo bado huamka, lakini ameacha kuhesabu saa. Sitawadanganya kwamba tumeshinda. Tumepunguza tu, na kupunguza si haba.

Kuna jambo lingine kubwa kuliko kelele, nalo ni mpaka. Reli ina ardhi yake kila upande, na mtu akijenga ndani yake, hata akiishi humo miaka mingi, siku reli ikiamka anaweza kuambiwa atoke. Februari 2021, wakati wa matengenezo ya reli hii hii, nyumba za wakaazi wa Kibos karibu na Kisumu, wengi wao Wanubi, zilibomolewa kwa sababu ya ugomvi wa ardhi ya reli. Kule Kibera, Nairobi, watu walijenga karibu na reli hata mtu angeweza kuigusa akiwa mlangoni, na mradi mzima ulihitajika wa kuwahamisha na kujenga ukuta. Baba alipata bahati kwa kuwa alileta mpimaji kabla ya kulipa, na mawe ya mpaka wetu yako mahali pake. Usiku wa kelele utapita, lakini tingatinga likija mchana hakuna dari itakayokusaidia.

Nayasema haya pia kwa wenzangu wenye jamaa Bomet. Reli mpya ya kisasa ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, ikafika Suswa mwaka wa 2019, na kwa miaka mingi pamezungumzwa mpango wa kuifikisha Kisumu kupitia Narok na Bomet. Kila habari hiyo inapotajwa, bei za mashamba huanza kuruka kama panzi. Wengine hununua wakitumaini fidia, wengine wakitaka kujenga karibu na stesheni. Mimi si mtaalamu, lakini nawaomba mkawaambie wazazi wenu mambo manne. Kwanza, ulale hapo usiku mmoja kabla hujanunua, na kama treni haipiti, muulize mzee wa hapo ilikuwaje ilipokuwa ikipita. Pili, uangalie kama kuna kona, mlima au njia inayokata reli, maana hapo ndipo penye honi na milio. Tatu, ulete mpimaji na uulize mpaka wa reli uko wapi. Nne, kama bado hujajenga, ujenge mbali na reli kadiri ploti inavyoruhusu, na vyumba vya kulala viwe nyuma.

Kwa wale watakaouza siku moja, nina neno moja tu. Mwambieni mnunuzi. Reli iliyonyamaza si reli iliyokufa, na anayenunua nyumba kando yake ananunua na treni, hata kama leo mbuzi wamelala kwenye mataruma. Yeye ana haki ya kujua anachokilipia. Baba yangu alipoteza mnunuzi kwa maneno machache, na deni la chama tulilimaliza juzi tu, kwa shida. Lakini yule bwana wa Kericho, akipita kwenda Londiani, husimamisha gari lake langoni kwetu na kumletea kogo sukari. Kogo humkaribisha ndani, humwekea mursik, na humwambia akae mpaka nyoka apite.

Kwa hayo machache, nawatakia wenzangu wa kidato cha nne mtihani mwema, na wasomaji wote usingizi mnono.